Saa Arobaini Katika Kibanda cha Mechi

Kibanda chenyewe kiko Kitale, hatua chache kutoka steji ya magari ya Bungoma, nyuma ya mama anayeuza chapati. Televisheni nne ukutani, benchi mbili za mbao, pazia la gunia mlangoni ili jua lisiharibu picha. Kijana mwenye zamu ana daftari la shule alilolipigia mistari kwa rula: jina, mechi ngapi, amelipa, hajalipa. Mechi moja ya kandanda ni shilingi 20. Aliyefungwa anainuka, anayengoja anaketi, na pad haipoi mchana kutwa.

Nilimwuliza kama ningeweza kuweka diski yangu mwenyewe. Aliipokea, akaigeuzageuza, akamtazama msichana wa jaladani aliyevaa kofia nyeupe.

"Inachezwa na wangapi?"

"Mmoja."

"Mechi inachukua dakika ngapi?"

"Haina mechi. Ukienda mbio, saa arobaini hivi."

Akanirudishia. "Mkubwa, hiyo si gemu. Hiyo ni kazi."

Nilicheka, nikamwachia diski hata hivyo, nikapanda matatu. Lakini tulipita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu neno lile likiwa bado linanizunguka kichwani, maana kijana yule, bila kujua, alikuwa amegusa jambo lenyewe linalowagombanisha mashabiki wa gemu za kuunda vitu zinazotoka Japani. Kutengeneza kitu kunakuwa mchezo wakati gani, na kunageuka kibarua wakati gani?

Kwa asiyezijua, mfano mzuri ni mfululizo wa Atelier. Wewe ni mwanaalkemia kijana, mara nyingi msichana, mara nyingi mwenye madeni au sifa mbaya shuleni. Unabeba kikapu, unaingia msituni, unachuma majani, unaokota mawe, unarina asali. Unarudi nyumbani, unavitia vyote katika chungu kikubwa, unakoroga. Kinatoka dawa, bomu, kitambaa au pande la chuma. Kwa vifaa hivyo unaweza kufika msitu wa mbali zaidi, wenye majani bora zaidi, na duara linaanza upya. Vita vipo, lakini mshindi huamuliwa mapema, pale chunguni. Kampuni ya Gust, iliyoanzishwa mkoani Nagano mwaka wa 1993, ilitoa Atelier Marie kwa PlayStation ya kwanza mwaka wa 1997, na tangu hapo haijapumzika. Wasiojua Kijapani walifunguliwa mlango mwaka wa 2005, Atelier Iris ilipotoka kwa Kiingereza kwenye PS2. Mwishoni mwa 2011 Gust ilinunuliwa na Koei Tecmo, na tarehe 21 Machi 2025 ikaja Atelier Yumia, ambayo imewagawa mashabiki vibaya. Miezi miwili baadaye, tarehe 21 Mei, kampuni ya Level-5 ya Fukuoka ikatoa Fantasy Life i, ndugu wa mbali wa ukoo huo huo.

Sitadai kwamba Kitale nzima ilikesha ikizingoja. Mashabiki wa gemu hizi huku kwetu ni wachache na wametawanyika: mmoja Webuye mwenye kompyuta aliyoinunua imetumika, mmoja Kitale aliyeletewa mashine ya Nintendo Switch na shangazi yake wa Marekani, mmoja Kanduyi aliyejifunza yote kwenye simu. Ukiwaketisha watatu hao meza moja, utasikia mabishano yote ya dunia kuhusu gemu hizi, isipokuwa yatakuwa na uzito mwingine.

Ugomvi mkongwe kuliko yote ni wa kalenda. Katika Atelier Marie, binti ndiye mkia wa darasa. Mwalimu wake anampa karakana na miaka mitano aunde kitu cha maana, la sivyo hahitimu. Kila jambo linakula siku: kwenda, kuchuma, kuchemsha, kurudi. Atelier Rorona ya 2009 ilikaza kamba zaidi. Wakuu wa ufalme wa Arland wanataka kuifunga karakana, na Rorona ana miaka mitatu na majukumu kumi na mawili ya kuwaonyesha kwamba inafaa kuachwa. Baadaye kamba ikalegea. Shallie ya 2014 iliipunguza nguvu kalenda, Sophie ya 2015 ikaitupa, Firis ya 2016 ikairudisha nusu kwa kumpa mchezaji mwaka mmoja wa kwenda kufanya mtihani kisha kumwachilia atembee apendavyo. Ryza ya 2019 haikuwa na kalenda hata kidogo, na ikauzwa kuliko zote zilizoitangulia. Marie ilipofanyiwa ukarabati mwaka wa 2023, Gust waliamua kutomkera yeyote: unachagua mwenyewe kucheza na kikomo au bila kikomo.

Wazee wa mfululizo wanasema kalenda ndiyo iliyokuwa chumvi. Ukijua una siku tisini na safari ya mlimani inakula kumi na nne, kila jani ulilochuma lina bei. Wageni wanasema chumvi hiyo ilikuwa nyingi mno: kosa la mwaka wa kwanza hulioni mpaka mwaka wa tatu, na wakati huo dawa yake ni kuanza upya.

Bungoma wanaijua kalenda ya namna hiyo vizuri sana. Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ni msimu wa tohara ya Wabukusu; ilikuwa hivyo 2022, ikawa hivyo 2024, na ni zamu ya 2026. Mvulana anayekwenda kualika jamaa zake huzicheza chinyimba, njuga za chuma anazozigonga mikononi mwake hadi mlio wake unavuka mto. Mhunzi anayezifua hawezi kumwambia mtu arudi Septemba. Niliwahi kukaa kando ya mmoja wao wiki mbili kabla ya msimu. Alikuwa na kipande cha springi ya lori, akakipasha moto mpaka kikawa na rangi ya embe lililoiva, akakikunja juu ya fuawe kwa mapigo manane, akakitupa pembeni na kuchukua kingine. Nilimwuliza kwa nini hakipambi hata kidogo. Akasema nakshi anaijua, ila nakshi ni ya mwaka usio na wavulana. Hapo ndipo nilipoelewa vizuri hoja ya wazee wa Atelier. Kikomo kilikuwa kimekwisha kumchagulia njuga ya kutengeneza: ile anayoweza kuirudia mara ishirini kabla ya wiki kuisha.

Kwa hiyo niko upande wa wazee, lakini kwa mguu mmoja tu. Mguu wa pili uko kwenye kibanda. Anayecheza kwa kulipia dakika tayari ana kalenda mfukoni, na stima ikipotea ana kalenda nyingine. Kumwekea ya tatu ndani ya gemu ni kumfunga mtu aliyefungwa. Mimi mwenyewe, enzi za PS2, nilikuwa nimefika mbali katika Atelier Iris kwenye kibanda kimoja, nikilipia saa moja kila Jumamosi. Kadi ya kumbukumbu ya PS2 ina megabaiti 8 tu, na msimu mmoja wa kandanda ulikuwa na njaa kubwa. Nilikuta faili yangu imefutwa kumpisha mtu aliyekuwa akiipeleka timu yake kileleni mwa ligi ya Uingereza. Hakuna aliyeona kosa. Kusema kweli, hata mimi nisingejua la kumlaumu nalo: yeye alikuwa mteja wa kila siku.

Nadhani Gust walipoitupa kalenda walitupa pia kitu kilichokuwa kimejificha nyuma yake, yaani sababu ya kuchagua. Wangeweza kuondoa hofu na kuacha gharama. Wangeweza kufanya majani yaishe, msimu ubadilike, mteja aende kwa fundi mwingine. Badala yake kila kitu kikawa tele.

Hapo tunaingia kwenye chungu chenyewe, na hapa nitakaa zaidi, maana ndipo penye utamu.

Utaalamu wa Atelier hauko katika kujua kwamba jani fulani na maji fulani hutoa dawa. Hilo limeandikwa kwenye kitabu cha mapishi. Utaalamu uko katika sifa. Kila kitu unachookota kina tabia zake ndogondogo, kimoja kinaongeza nguvu ya kuponya, kingine kinashusha bei, kingine kinarefusha muda wa sumu, na tabia hizo hurithiwa na kile kitakachotoka chunguni. Mchezaji stadi huichukua sifa kutoka kwenye ua, anaipitisha kwenye mafuta, kutoka mafuta hadi kitambaa, kutoka kitambaa hadi joho la vitani, mlolongo wa hatua sita au saba, na mwisho joho lina sifa ambayo hakuna ua lingeweza kuitia humo moja kwa moja. Watu hujaza madaftari kwa hesabu hizo.

Mtu wa Kitale hapaswi kushangaa. Mji wake ulijengwa juu ya hesabu iyo hiyo. Kampuni ya Kenya Seed ilianzia hapo mwaka wa 1956, mwanzoni ikishughulika na mbegu za nyasi za malisho. Katika kituo cha utafiti cha mji huo huo, watafiti walikuwa na mahindi yaliyotokana na aina zilizozoea nyanda za juu za Kenya, yakiitwa Kitale Synthetic II. Wakayakutanisha na mahindi yaliyotoka milima ya Ecuador, Ecuador 573. Wazazi hao wawili hawakuwa na ajabu kubwa kila mmoja peke yake. Mtoto wao, H611, aliyetolewa kwa wakulima mwaka wa 1964, aliwapita wote wawili, na ukoo wake ndio ulioifanya Trans Nzoia iitwe ghala la nchi. Hata jina la mzazi wa kwanza lingefaa kuandikwa kwenye orodha ya mapishi ya Gust.

Ila kuna tofauti moja, na mkulima yeyote wa Kiminini ataitaja kabla hujamaliza sentensi. Ukihifadhi punje za mahindi chotara ukazipanda mwaka unaofuata, nguvu ile inapungua. Lazima urudi dukani. Katika Atelier sifa nzuri haichakai. Ukiisha kuipata unaweza kuipitisha kizazi baada ya kizazi mpaka mwisho wa dunia, na ndiyo maana kuelekea tamati karibu kila mchezaji stadi ana bomu moja linaloua kila kitu. Nimewaza mara nyingi ingekuwaje mtunzi wa gemu hizi angekulia Kitale. Angeweka uchakavu. Angekulazimisha urudi msituni.

Lawama kubwa dhidi ya Yumia inatokea hapa. Gemu ni pana kuliko zote zilizotangulia: nyika za kukimbilia kwa pikipiki, magofu ya kuparamia, kambi na nyumba za kujenga ubao kwa ubao. Hadithi yake ina wazo zito, kwani alkemia ni mwiko katika bara la Aladiss, inalaumiwa kwa kuangamiza dola nzima, na Yumia anatembea akibeba ufundi ambao watu wanauogopa. Mahali pengi Afrika mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa vivyo hivyo, kwa hiyo wazo hilo halihitaji mkalimani. Tatizo ni kwamba mapigano yamekuwa mepesi. Ukipika ovyo unashinda, ukipika vizuri unashinda upesi zaidi kidogo. Vitu vingine unaviunda papo hapo njiani bila hata kurudi chunguni. Yule rafiki yangu wa Webuye alilisema hivi: wamemjengea mpishi jiko la kifahari, kisha wakawaalika wageni walioshiba.

Wanaoitetea wana hoja yao pia, na siidharau. Wanasema watu wapya hawaingii kupitia mlango wa hesabu. Wanaingia kwa kuona nyika nzuri na msichana anayeruka juu ya mwamba, halafu siku moja wanajikuta wakiuliza kwa nini dawa ya mwenzao inaponya mara mbili ya yao. Ni kweli kwamba bila Ryza, ambayo nayo ilishutumiwa kwa kurahisisha, pengine mfululizo ungekuwa umezikwa. Na jambo moja la Ryza nalipenda kuliko mambo mengi ya zile za zamani: mti ule ule ukiupiga kwa shoka unatoa kitu kimoja, ukiutumia mundu unatoa kingine, na nyundo kingine tena. Ndovu wa Mlima Elgon wanalijua hilo. Usiku huingia katika pango la Kitum, gizani kabisa, wakachokoa kuta kwa pembe zao na kula mwamba wenye chumvi. Paa hana kifaa hicho.

Matumaini ya sasa ya wapenda chungu yako kwenye kizazi kinachofuata Yumia. Tayari tarehe 26 Septemba 2025 Gust walitoa Atelier Resleriana: The Red Alchemist & the White Guardian, yenye mapigano ya zamu kwa zamu na duka la kuendesha mwenyewe. Wengine wameiona kama kuomba radhi. Mimi naona ni kampuni inayopika vyungu viwili kwa moto mmoja ili ione kipi kitaisha kwanza.

Fantasy Life i inahitaji maneno machache zaidi. Ilitangazwa Februari 2023, ikaahirishwa mara kadhaa hadi baadhi ya watu wakaacha kuiamini, na ilipotoka ikawashangaza walioikatia tamaa. Ina kazi kumi na nne: mhunzi, seremala, fundi wa nguo, mpishi, mvuvi, mchimba madini, mkata miti na wenzao, na safari hii wameongezwa mkulima na msanii. Unabadili kazi wakati wowote utakao. Wanaoilalamikia wanasema kila ufundi ni ule ule, kukimbia kati ya meza tatu na kubonyeza kitufe kwa wakati wake, uwe unashona au unafua chuma. Ni kweli. Lakini kule jua kali Kitale sijaona mtu mwenye kazi moja. Fundi aliyenichomea lango ana shamba la ekari mbili, Machi humpati; mkewe anashona sare za shule Januari na kuuza mboga miezi mingine. Gemu inayomruhusu mtu kuvua nyundo na kuvaa jembe bila kuulizwa inajua kitu ambacho gemu nyingi za mashujaa hazikijui.

Mambo haya yote yanamfikiaje mtu wa Bungoma? Hapa mjadala wa dunia na wetu unaachana njia. Wenzetu wanabishana kama gemu mpya inastahili dola sitini. Kwetu dola sitini ni zaidi ya shilingi 7,500, yaani karibu magunia mawili ya mahindi katika msimu wa bei nzuri, na kulipa kwenyewe ni safari. Duka la PlayStation halina Kenya katika orodha yake ya nchi, la Nintendo vilevile, kwa hiyo watu hufungua akaunti za Marekani au Afrika Kusini na kununua kadi za salio kwa mtu wa kati. Steam inauza, ila kwa dola.

Ndiyo maana gemu za bure za simu zilitarajiwa kuwa daraja. Gust walijaribu: toleo la kimataifa la Atelier Resleriana la simu na kompyuta lilifunguliwa Januari 2024. Lilifungwa tarehe 28 Machi 2025, wiki moja baada ya Yumia kutoka. Miezi kumi na minne, basi. Karakana ya mtu, wahusika aliowakusanya kwa bahati nasibu, vyote vikafungiwa upande wa pili wa seva. Yule wa Kanduyi hakushtuka. Yeye anacheza Mana Khemia, gemu ya Gust ya enzi za PSP, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kwa programu ya kuigiza PSP iitwayo PPSSPP. Faili alirushiwa na mwenzake bila kutumia bando. Wenye haki miliki wana la kusema hapo, na wana haki ya kulisema, lakini karakana yake bado ipo.

Kuhusu lugha sina mengi. Atelier haina Kiswahili, na nusu ya raha yake ni soga za wahusika. Tales of Kenzera: ZAU ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, iliwekewa sauti za Kiswahili, na anayedai kwamba lugha yetu haiingii kwenye gemu aanze na hiyo. Ningependa siku moja kusikia mwanaalkemia akigombana na mteja kwa lafudhi ya Kimilili.

Wiki tatu baada ya safari ile nilipita tena Kitale. Nilikuwa nimemwachia kijana wa kibandani ile diski ya Ryza, aniwekee, nikamwambia akiona uvivu aijaribu baada ya kufunga. Nilimkuta na foleni ya wanafunzi, makelele ya goli, mama wa chapati akidai chenji yake. Hakusema kitu kuhusu gemu. Alinisogezea tu lile daftari ili nimshikie akiwa anarekebisha waya wa pad, nami nikafunua kurasa. Mistari ni ile ile, majina ni yale yale, amelipa, hajalipa. Nyuma kabisa, kwenye ukurasa wa mwisho, kulikuwa na safu mpya kwa wino mwekundu, mapishi ya chunguni: Uni tatu, maji mawili, nyasi moja. Chini yake, imekatwa. Chini yake tena, Uni nne, maji moja, na alama ya kuuliza.

"Hiyo ya Uni nne," akasema bila kuinua kichwa, "ilitoka mbaya. Nilikuwa na usingizi."